Sufuria moja kwa nyumba nzima: tulivyoacha kumpikia baba chakula chake peke yake

Mwana_wa_Jikoni

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie, nimekaa nao kifuani karibu mwaka mzima.

Baba yangu alipata kiharusi kidogo, kile cha dakika chache. Mdomo ulikwenda upande, kikombe kikamponyoka, na kabla hatujamaliza kuvaa viatu tumpeleke hospitali alikuwa ameshaanza kuongea vizuri, anasema tumwache apumzike. Hatukumwacha. Daktari akatuambia kile kilikuwa kinabisha hodi tu, na tukikaa tukidhani kimepita, kingine kitakuja bila hodi. Presha ilisoma 178 kwa 104. Akapewa dawa, akapewa na yale maneno ambayo wengi hapa mmeshayasikia kwa mtu wenu: punguza chumvi, punguza mafuta, tembea, sigara basi.

Tuliporudi, mama alifanya kile ambacho nyumba nyingi hufanya. Alitoa sufuria ndogo. Hiyo ikawa ya baba, kubwa ikawa yetu. Ya baba chukuchuku, maji na mboga, haina chumvi wala kitunguu cha kukaanga. Yetu kama siku zote. Mezani tulikuwa watano: baba, mama, mimi, mdogo wangu na binti yangu wa miaka 10. Wanne tunakula kinachonukia, mmoja anakoroga bakuli lake. Na sisi tuliona tunamtunza.

Siku moja maji yalimwagika mezani, nikanyanyua kitambaa nikaushe chini yake. Kwenye kona anapokaa baba palikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne. Nikakikunjua. Chumvi. Mzee mwenye mjukuu anaficha chumvi chini ya kitambaa cha meza yake mwenyewe, ndani ya nyumba aliyoijenga yeye. Nilikikunja vilevile, nikakirudisha palepale, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Usiku nilimwambia mama. Hakusema kitu. Asubuhi nikakuta ile sufuria ndogo inachemshiwa maziwa. Akasema, "Kuanzia leo tunapika moja. Atakachokula yeye ndicho tutakachokula sote."

Sasa moja ya namna gani? Watu watano hatuwezi kula chukuchuku, tungeshindwa ndani ya wiki. Ndipo binti yangu akauliza kitu ambacho hakuna mtu mzima aliyekuwa amekiuliza: "Kwani sisi huwa tunakula chumvi kiasi gani?" Hatukujua. Mkono unachota, unatia, unaonja, unaongeza.

Tukaandika tarehe kwenye pakiti mpya ya kilo moja, kwa kalamu ya wino, na wala hatukubadilisha chochote kwanza. Iliisha siku ya 16. Pigeni hesabu wenyewe: gramu 1,000, watu watano, siku 16. Ni gramu 12 na nusu kwa kichwa kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima awe chini ya gramu 5, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai, na mtoto awe chini ya hapo. Na hiyo 12 na nusu haijagusa chumvi iliyomo kwenye mkate tunaonunua. Tulikuwa tukimtazama baba kama mgonjwa wa nyumba, kumbe wote tulikuwa kwenye foleni ile ile, yeye ametangulia tu.

Kalamu akakabidhiwa binti. Pakiti ya pili ilikwenda siku 21. Ya tatu 27. Ya nne 34. Ya tano, iliyoisha juzi, siku 46. Mwenyewe huziandika kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa ndani ya mlango wa kabati, na baba kila pakiti ikiisha huenda kusoma.

Namna tulivyopunguza: polepole. Ulimi ukishtukizwa hugoma, ukipunguziwa kidogo kidogo huzoea ndani ya wiki chache, na baadaye chakula cha zamani unakiona kama maji ya bahari. Vile vidonge vya kuongezea mchuzi ladha tuliviondoa kabisa, maana ukisoma pakiti yake, chumvi ndiyo imetangulia kwenye orodha. Tukarudisha kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari, na limau linakamuliwa wakati wa kuipua. Huo uchachu wa mwisho ndio uliotuokoa. Kikopo cha chumvi kilitoka mezani, mwenye kukitaka ainuke akakifuate jikoni, na mtu akishaketi kula hainuki.

Mafuta nayo: mama aliacha kumimina kutoka kwenye dumu, anapima kwa kijiko. Sigara ya baba ni habari nyingine, nitairudia.

Presha yake wiki iliyopita ilikuwa 132 kwa 82. Anakunywa dawa zake kila siku, sijasema chakula kimefanya kazi peke yake.

Nyumba zenu mnafanyaje? Naomba mchango wenu wa kweli, hata yaliyowashinda.

Dada_Mkubwa

Kikaratasi hicho kimenitoa machozi. Mama mkwe wangu tulimfanyia hivyo hivyo miaka mitatu. Kila ikifika saa ya kula anasema ameshiba. Nilidhani ni ugonjwa unamtoa hamu. Leo ndiyo nimeelewa.

Kiongozi_wa_Kaya

Mkuu pole na mzee, na hongera kwa subira. Ila mimi sikubaliani na kitu kimoja. Nina watoto wanne, wazima kabisa, wanacheza mpira mpaka giza linaingia. Mama yangu anaishi na sisi na ana presha. Kwa nini wanangu wale kama wagonjwa kwa sababu bibi yao anaumwa? Mgonjwa ana mlo wake na mzima ana wake. Hata dawa hatugawani.

Muuguzi_wa_Zamu

Kaka Kiongozi, swali lako nakutana nalo wodini karibu kila wiki, na nalijibu kwa heshima kabisa.

Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha walichokiona kwenye mioyo ya askari 300 waliouawa kwenye vita vya Korea. Vijana wa kubeba mizigo na kukimbia milimani, wastani wa umri miaka 22. Asilimia 77 yao mishipa inayolisha moyo ilikuwa imeshaanza kuonyesha ugonjwa. Hakuna hata mmoja ambaye ungemtazama ukasema ni mgonjwa. Mafuta huanza kujipaka kwenye kuta za mishipa tangu utotoni, taratibu, bila maumivu. Mtu anayeanguka na miaka 55 safari yake ilianza zamani sana.

Halafu kuna mji unaitwa Framingham, kule Massachusetts. Mwaka 1948 watafiti walianza kuwafuatilia wakazi 5,209, wanawapima na kuwauliza maisha yao. Huko ndiko dunia ilikothibitisha kwamba presha ya juu, sigara na lehemu nyingi (kolesteroli) vinatangulia ugonjwa wa moyo. Mwaka 1971 wakaingiza watoto wa wale wa kwanza pamoja na wenzi wao, na 2002 wakaingiza wajukuu. Mimi huwa nawaambia ndugu za wagonjwa: wale watafiti walihitaji vizazi vitatu vya familia kuelewa moyo. Ugonjwa huu unapita kwenye damu, na unapita pia kwenye sufuria, kwa sababu mtoto hurithi ulimi wa nyumba yao.

Kwa hiyo chakula hiki si cha mgonjwa, kaka. Mboga, matunda, maharage, samaki, nafaka ambayo haijakobolewa, chumvi kidogo na mafuta ya kupima ndicho chakula ambacho mwanao angepaswa kula hata bibi asingeumwa. Mtoto wa kucheza mpira mpe kwa wingi ashibe, sijasema umnyime.

Mwana_wa_Jikoni

Asante sana muuguzi. Kiongozi, naongezea moja kuhusu watoto. Nilidhani wangekuwa kikwazo, lakini kwetu binti ndiye aliyebeba jambo zima. Baadaye nikasoma kwamba China waliwahi kulijaribu hilo kwa makusudi, mji wa Changzhi, shule za msingi 28. Watoto wa darasa la tano walifundishwa habari za chumvi wakatumwa nyumbani kuzungumza na wazazi na babu zao. Matokeo yalichapishwa 2015: watu wazima wa nyumba hizo walishuka karibu gramu 3 za chumvi kwa siku wakilinganishwa na nyumba ambazo watoto hawakufundishwa. Daktari alimwambia baba apunguze, hakupunguza. Mjukuu akamwonyesha boksi lenye tarehe, akapunguza.

Mama_wa_Saa_Kumi

Naomba na mimi niseme, na nitasema kwa uchungu kidogo.

Kila anayeandika habari hizi anasema "sisi kama familia tuliamua". Kwangu tuliamua wote sebuleni, kisha wote wakabaki sebuleni. Naamka saa kumi alfajiri. Mboga mbichi zinataka kuoshwa na kukatwa, maharage yanataka kulowekwa jana yake, samaki anataka kuparwa. Vya kukaanga ni dakika kumi vimeiva, na ndiyo maana tulikuwa tunakaanga. Halafu unaleta mezani, mtu anaonja, anaweka kijiko chini, anasema chakula kimepooza. Kijiko kile kinavyogonga sahani nilikuwa nakisikia mpaka kitandani.

Nilivumilia miezi miwili nikaacha. Nikarudia mafuta yangu na vidonge vyangu vya mchuzi, na nyumba ikafurahi.

Kilichobadilisha mambo ni kuugua mimi. Malaria ya siku tano, siinuki. Mume wangu akaingia jikoni. Siku ya tatu alikuja kusimama mlangoni mwa chumba ameshika dumu la mafuta, akaniuliza kama lina tundu, maana limeshuka sana. Halikuwa na tundu. Alikuwa hajawahi kuona yanakokwenda. Tukapima pamoja nilipopata nafuu: lita tano tulikuwa tunazimaliza kwa wiki tatu, watu sita. Kwa kichwa ni karibu vijiko vitatu vya chakula kila siku, mbali na vya kukaanga tunavyonunua nje.

Sasa hivi Jumamosi na Jumapili anapika yeye. Kijana wangu mkubwa ndiye wa kuloweka maharage usiku, yeye na simu yake, kengele ikilia anainuka. Msichana anakata mboga. Na hakuna tena anayeweka kijiko chini kwa kishindo, kwa sababu kila mmoja mkono wake umo humo ndani. Mkitaka kubadilisha chakula cha nyumba, anzeni kugawana kazi ya kukipika. Hayo mengine yatakuja.

Muuguzi_wa_Zamu

Mama, nimesimama kwa heshima yako.

Na historia iko upande wako. Ufini, mkoa wa North Karelia, miaka ya 1960 wanaume walikuwa wanakufa kwa moyo kuliko karibu popote duniani, wengi katikati ya umri wa kufanya kazi. Siagi, maziwa ya mafuta mengi, chumvi, sigara. Mwaka 1972 ukaanza mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Walipima na kutibu, lakini waliona mapema kwamba ukimhubiria mwanaume peke yake kwenye kliniki hupati kitu. Wakaungana na chama cha akina mama cha Martha, wakawa wanakutana vijijini, wanapika vyakula vyao vilevile vya nyumbani kwa mafuta kidogo na mboga zaidi, watu wanakula pamoja na kuzungumza. Wenye viwanda vya chakula nao wakafuatwa. Baada ya miaka kama 35 vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi kwenye mkoa ule vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Mtembea_Jioni

Mchango wangu ni wa miguu.

Sisi hatukuanza na chakula, tulishindwa. Tulianza na kutoka nje baada ya chakula cha jioni, dakika kumi tu, mpaka kona na kurudi. Siku za mwanzo nilikuwa na mke wangu. Mtoto akafuata kwa sababu hakutaka kubaki. Kisha mama yangu, mwenye magoti, akasema atafika nusu atatusubiri. Tunamkuta amekaa kwenye jiwe lake, tunarudi naye. Miezi minane sasa. Jiwe amelivuka, anafika kona.

Watu wazima tunatakiwa angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu kidogo lakini bado unaweza kuongea. Watoto na vijana ni wastani wa dakika 60 kila siku. Ukiisikia 150 unaogopa, ukiigawa ni kama 20 kwa siku. Na si lazima iwe mazoezi ya jasho. Mwaka 1953 huko London daktari Jeremy Morris alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Kazi moja, basi moja, ila mmoja amekaa siku nzima na mwingine anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta walikuwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva.

Jambo ambalo sikulitarajia: mwanangu wa miaka 15, ambaye ndani haongei, huko njiani anaongea. Gizani, mkitazama mbele, hamtazamani usoni. Nimejua mambo yake mengi kwenye ile kona.

Mke_wa_Mvutaji

Mwana_wa_Jikoni ulisema utarudia sigara. Naisubiri. Mume wangu anavuta, amejaribu kuacha mara nne. Watoto wana miaka 6 na 3.

Mwana_wa_Jikoni

Nisamehe dada, nilijitia kusahau kwa sababu inanihusu. Baba alikuwa anavuta, na mimi nilikuwa navuta. Nilikuwa namwambia yeye aache, kisha naenda nyuma ya nyumba. Alijua. Siku moja aliniambia, "Njoo uvutie hapa hapa, angalau ninuse." Hakuwa anatania, alikuwa na hamu nayo kweli. Niliona aibu ya kufa.

Tuliacha siku moja, mimi na yeye. Tulikuwa tunakaa pamoja saa ile ya baada ya chakula, ndiyo saa mbaya. Mwezi wa kwanza nilirudi mara mbili, nikamwambia, hakunigombeza. Sasa ni miezi tisa mimi, miezi tisa yeye.

Uingereza waliwahi kuzitazama jozi 3,722 za wanandoa na wapenzi wanaoishi pamoja, wa miaka 50 na kuendelea, utafiti ukatoka 2015. Mwanamke mvutaji ambaye mwenzake aliacha wakati uleule, nusu yao walifanikiwa kuacha. Ambaye mwenzake aliendelea kuvuta, ni asilimia 8 tu. Na hata aliyekuwa na mwenza ambaye hakuwa akivuta kabisa hakufanikiwa kama yule walioanza safari pamoja. Mumeo kama anaacha peke yake, tafuta kitu nawe ukiache siku hiyohiyo, hata kama huvuti. Soda, kwa mfano. Chupa ndogo ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, zaidi ya gramu 25 ambazo wataalamu wanasema ni bora mtu asizivuke kwa siku nzima.

Muuguzi_wa_Zamu

Na wewe mke, kama hajaacha bado, asivutie ndani wala kwenye gari hata madirisha yakiwa wazi. Asiyevuta anayeishi na moshi wa mwingine hatari yake ya moyo hupanda kwa kama robo. Akishaacha, ndani ya mwaka mmoja hatari ya ziada aliyokuwa nayo hushuka karibu nusu. Mwambie hivyo, watu hudhani wameshachelewa. Na zipo dawa za kusaidia kuacha, aulize kituo cha afya. Mara nne si kushindwa, wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa.

Kijana_34

Nimesoma uzi huu jana usiku, leo asubuhi nikaazima mashine ya presha kwa jirani. 151 kwa 94. Nina miaka 34, mwembamba, siumwi chochote. Nitulie kweli au nimeharibikiwa?

Muuguzi_wa_Zamu

Tulia mdogo wangu. Kipimo kimoja hakikupi ugonjwa, ila usikipuuze. Karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo, kwa sababu haiumi.

Pima upya hivi. Nenda haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute, usifanye kazi ngumu. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu usiikunje nne. Mkono uweke mezani, usawa wa moyo, na ile pedi ifungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Kaa kimya dakika tano. Kimya kweli, mtu asikusemeshe, hata maongezi hupandisha namba. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote. Fanya asubuhi na jioni kwa wiki. Zikiendelea kugonga 135 kwa 85 au zaidi hapo nyumbani, beba daftari lako uende kituo cha afya. Ikifika 180 kwa 120 usisubiri wiki, na ukiwa nayo pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, nenda saa hiyohiyo.

Na huo wembamba usikudanganye. Waulize wazazi nani alianguka mapema kwenye ukoo. Baba au kaka kabla ya 55, mama au dada kabla ya 65, hiyo ni habari ya kumwambia daktari. Iko aina ya lehemu ya juu ya kurithi, takriban mtu 1 kati ya 300 anayo, na mzazi mwenye nayo kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuipata. Hiyo haijali unene. Akigundulika mmoja, ndugu wote wapimwe.

Kijana_34

Kaka yangu alifariki na miaka 41. Alikuwa anafunga mlango wa duka. Tulisema ni mambo ya watu. Nakwenda kesho, na nitawapitia wadogo zangu twende wote.

Dada_Mkubwa

Twende na wewe kwa dua. Utuambie.

Mganga_wa_Bustani

Mbona hamtaji kitunguu saumu cha kumeza asubuhi na maji ya limau? Shangazi yangu aliacha vidonge kabisa akatumia hivyo, yuko fiti.

Muuguzi_wa_Zamu

Ndugu yangu, kitunguu saumu na limau wekeni kwenye chakula, tumeshavisifu hapo juu. Kuacha vidonge ni jambo jingine. Wengi ninaowapokea na kiharusi ni watu waliojisikia fiti wakaacha dawa. Presha ikishuka kwa dawa, ni dawa inafanya kazi. Mwambie shangazi akapimwe wiki hii, na kama imeshuka kweli, daktari ndiye atakayempunguzia. Nakusihi, usilichukulie kama ubishi.

Mama_wa_Saa_Kumi

Muuguzi, kuna ile chumvi mbadala, ni salama?

Muuguzi_wa_Zamu

Inasaidia kweli, kwa wengi. China vijiji 600, karibu watu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu kloridi, inayoshika nafasi ya sehemu ya chumvi ya kawaida. Matokeo ya 2021 yalionyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa fulani za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, inaweza kumsimamisha moyo. Kwa kuwa mnapika sufuria moja, hakikisheni hakuna mtu wa namna hiyo mezani kabla hamjainunua. Ulizeni kwanza.

Kiongozi_wa_Kaya

Nimerudi. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri.

Siku ile nilipomaliza kubishana nilifungua pakiti mpya ya kilo moja, nikaandika tarehe bila kumwambia mtu. Tuko saba: mimi, mke wangu, mama na watoto wanne. Imeisha leo.

Siku 13. Nimepiga hesabu mara mbili, nikampa na mwanangu wa darasa la sita apige. Gramu 11 kwa kila mtu, na mdogo wetu ana miaka 5.

Jioni nimemwomba mama alete bakuli lake akae upande wetu. Tumepika moja. Limau nimekamua mimi, nadhani nilizidisha, watoto wamekunja sura lakini wamemaliza. Mama amekula akaomba tena. Sikumbuki mara ya mwisho alipoomba tena.

Pakiti ya pili imefunguliwa. Kalamu anayo huyo wa miaka 5, tarehe ameiandika kubwa imejaa upande wote.

Mwana_wa_Jikoni

Baba nimemsomea huu ujumbe wako wote. Anauliza pakiti yenu ya pili mnategemea ifike siku ya ngapi.